Je, Gesi Hukabwa Kooni?

Wako wapendekezao kwamba gesi ipitayo kwa mwendo wa sauti katika koo la nozeli ya de Laval, yaani mrija ubanao kisha ukapanuka, iitwe “mtiririko uliokabwa”, kwa kufuata taswira ya Kiingereza. Sisi hatuafiki. Kwa Mswahili, aliyekabwa koo hukosa pumzi. Gesi hii haikosi njia. Hewa itokayo katika tangi lenye halijoto ya nyuzi 20 za Selsiasi hupita kooni kwa mwendo wa mita 313 hivi kwa sekunde.

Kilichofikia mpaka ni kiasi cha tungamo kipitacho kila sekunde. Badiliko dogo la kanieneo husafiri kwa mwendo wa sauti, nayo gesi ya kooni huteremka kwa mwendo uo huo. Basi hata tukipunguza kanieneo upande wa kutokea, badiliko hilo haliwezi kupanda hadi tangini. Lakini tukizidisha kanieneo ya tangi, kiasi huongezeka.

Mwanafunzi anayeiga mtiririko huu kwa kompyuta, akiliamini jina, atayadhani matokeo sahihi kuwa ni kosa la programu yake, na huenda akayarekebisha mpaka yakaharibika. Hasara hiyo si ya lugha peke yake.

Twapendekeza “mtiririko wa kikomo”. “Koo” na libaki, maana laonyesha wembamba wa mahali bila ya kudanganya. Msomaji mwenye neno bora zaidi na alilete, tulipime pamoja.