Kujifunza Kifaransa Mahali Ambapo Kiswahili Kinatosha

Mwanafunzi wa Kigoma anayetaka kukisikia Kifaransa kikizungumzwa hana haja ya kupanda ndege. Anapita Manyovu, anavuka mpaka Mugina, anashika barabara ya kandokando ya Ziwa Tanganyika kupitia Nyanza-Lac na Rumonge, na mwisho wake ni Bujumbura. Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo viza si suala. Kinachotakiwa ni pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji, kadi ya homa ya manjano, barua za ridhaa za wazazi, na basi lililojazwa mafuta kabla ya kuondoka, maana foleni za petroli upande wa pili zimekuwa ndefu miaka hii.

Ugumu uko kwingine. Njia hiyo karibu yote ni ya Kiswahili. Nyanza-Lac na Rumonge wanakizungumza, na ukifika Bujumbura kuna Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na dukani. Isitoshe, mtoto wa Kasulu au Buhigwe anazungumza Kiha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana: muuza ndizi akitaja bei kwa Kirundi, naye akajibu kwa Kiha, biashara inakwisha bila mkalimani. Wapo pia Warundi waliokulia kwenye kambi za wakimbizi mkoani Kigoma, ambao Kiswahili chao hukitofautishi na cha hapa nyumbani. Basi mwanafunzi anaweza kukaa wiki nzima katika nchi inayotumia Kifaransa, akala, akalala, akanunua zawadi za wadogo zake, na akarudi hajatamka zaidi ya *bonjour*.

Safari ninayoichambua ni ya kidato cha tatu cha shule moja mkoani Kigoma. Niliifuata kuanzia rasimu ya ratiba hadi madaftari ya wanafunzi. Kilichonivuta ni kwamba mwalimu wao wa Kifaransa alilijua tatizo hilo tangu mwanzo, akaipanga safari nzima kulizunguka.

Alianza kwa kujiuliza Kifaransa kinakaa wapi mjini Bujumbura. Vivutio vilisubiri. Burundi ina lugha rasmi tatu, Kirundi, Kifaransa na, tangu 2014, Kiingereza, lakini kila moja ina makazi yake. Sokoni na ndani ya basi utasikia Kirundi na Kiswahili. Kifaransa kinaishi kwenye karatasi na nyuma ya kaunta: benki, duka la dawa, maktaba, darasa la sekondari, chumba cha habari. Gazeti kama Iwacu linaandikwa kwa Kifaransa, na wanaoliandika wanajadiliana habari zao kwa lugha hiyo bila kujilazimisha. Soko likafutwa kwenye ratiba. Wanafunzi walinuna, na sishangai, lakini uamuzi ulikuwa sahihi. Wengi hudhani soko ndilo mahali pa lugha hai. Kwa mtoto wa Kigoma, soko la Bujumbura ni mahali pa kukikwepa Kifaransa.

Hatua iliyofuata nimeiona mara chache katika safari za shule. Mwalimu aliwapigia simu wenyeji wote mapema, akawaomba jambo moja: mtoto akikwama, asiokolewe kwa Kiswahili mpaka awe amejaribu mara mbili. Mwenye duka la dawa alikubali huku akicheka. Bila simu ile, ukarimu wa Warundi ungeiharibu safari. Mgeni akibabaika, mwenyeji mwema humrahisishia, na kurahisisha huko ndiko kunakomnyima mwanafunzi alichokifuata.

Hoja hii ina utafiti nyuma yake. Mwaka 1965, wazazi wa Saint-Lambert, Quebec, walifanikisha kuanzishwa kwa darasa ambalo watoto wa familia za Kiingereza walifundishwa kwa Kifaransa tangu chekechea. Mfumo ukaenea Kanada. Miaka 20 baadaye, mtafiti Merrill Swain aliandika kuhusu wanafunzi wa mfumo kama huo: kusikiliza walikuwa hodari, karibu sawa na wenye lugha, ila sarufi ya midomoni ilibaki nyuma. Maelezo yake ya 1985 ni kwamba walikuwa wakisikia sana bila kubanwa vya kutosha waseme, na waseme kwa usahihi. Ikiwa miaka kadhaa ya kusikia haikutosha kwa watoto wale, siku chache za kuzungushwa mjini na mtembezaji anayehutubia zitamfanyia nini mtoto wa Kasulu?

Kwa hiyo wanafunzi waligawanywa watatu watatu. Wawili humwachia mmoja, na wanne hupata pa kujificha. Katika kila kundi, anayejua zaidi alipewa kalamu na kukatazwa kuuliza. Kuuliza lilikuwa jukumu la aliye dhaifu kuliko wote, na wa tatu alikuwa na ruhusa ya kumsaidia kwa Kifaransa tu. Kila kundi lilikuwa na kadi yenye kazi moja, na jibu lake halikupatikana kwenye simu.

Duka la dawa nililishuhudia mwenyewe. Kadi iliwataka waulize namna ya kuchanganya chumvi za kurudisha maji mwilini, kisha waombe namba ya simu ya duka. Swali la kwanza lilikwenda vizuri, kwa kuwa mtoto anajua tayari kwamba pakiti moja huingia kwenye lita moja ya maji. Alichohitaji ni maneno tu. Namba ndiyo ilimtoa jasho. Namba za Burundi zina tarakimu nane na husemwa mbili mbili. Mama wa dukani akaanza: *septante-neuf*. Kijana akanyanyua macho. Kitabu chake kimemfundisha 79 kwa mtindo wa Ufaransa, *soixante-dix-neuf*, ilhali Burundi, kama Rwanda na Kongo, ilirithi namna ya kuhesabu ya Wabelgiji. Akaomba arudiwe. Akarudiwa, taratibu. Mara ya tatu akauliza kama ni saba na tisa, kwa Kifaransa, na mama akaitikia kwa kichwa. Mwenye kalamu, aliyekuwa ameshaelewa kitambo, alikuwa amejing'ata mdomo ili asiseme.

Mwalimu aliijua tofauti hiyo ya hesabu na hakuwaonya. Aliniambia alikusudia. Mimi nina shaka kidogo: kwa mtoto mwenye hofu, mshtuko wa aina hiyo unaweza kumfunga mdomo kutwa nzima. Kwa kijana huyu ulifanya kazi.

Kilele cha safari, kwa maoni yangu, kilikuwa somo la hisabati katika shule mwenyeji. Ratiba nyingi za namna hii huweka somo la Kifaransa, na hapo wageni huonekana wajinga mbele ya wenzao waliozoea lugha hiyo tangu shule ya msingi. Hisabati inawaweka sawa, kwa sababu maudhui wanayajua wote. Ubaoni ukaandikwa mlinganyo x² − 5x + 6 = 0. Binti mmoja wa Kigoma aliitwa, akaandika majibu 2 na 3 kwa kutafuta vigawo kichwani. Darasa likanong'ona. Mvulana wa mbele akauliza: *Et le delta ?* Kule wanafundishwa kuanza na delta, yaani b² − 4ac, ambayo hapa ni 25 − 24, kisha ndipo waendelee. Binti hakuwahi kulisikia jina hilo. Akalazimika kueleza kwa nini hahitaji delta: anatafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 na jumla yake ni −5, yaani −2 na −3, kisha anageuza alama. Alisema *produit*, akasema *somme*, akakosea jinsia ya mojawapo, akasahihishwa na mvulana yuleyule, akarudia. Dakika nne hivi, na zote za hoja. Hapakuwa na sentensi hata moja ya kukariri.

Ziara ya Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, ilipangwa kivivu. Kuna jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871, siku walipofika hapo pamoja. Hakukuwa na kadi wala makundi. Lilikuwa pumziko, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba. Mtembezaji aliongea, wanafunzi wakapiga picha. Kisha akagusia kwamba wapo wanaosema ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Watoto wa Kigoma, ambao Ujiji walikokutana wawili hao ni mtaani kwao, hawakukubali hata kidogo. Ubishi ukawaka, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, mpaka mwalimu akapiga kelele kwamba anayebisha abishe kwa Kifaransa. Jambo lililotokea kwa bahati lingeweza kupangwa: mpe mwanafunzi kitu anachokijua kuliko mwenyeji wake, halafu mwache apingwe.

Udhaifu mkubwa ulikuwa jioni. Wanafunzi walilala bwenini pamoja, na bwenini ilikuwa Kigoma tupu. Kuwalaza kwenye familia kungewaongezea saa nyingi za kuzungumza, ingawa naelewa kwa nini shule iliogopa: ulinzi wa watoto, hasa wasichana, unataka familia zikaguliwe mapema, na kazi hiyo haifanywi kwa simu.

Mzazi mmoja aliuliza kwa nini wasichange waende Ufaransa kwenyewe. Kwa viza ya Schengen, kila mtoto angehitaji bima ya angalau euro 30,000, na mwenye miaka 12 na kuendelea angechukuliwa alama za vidole, jambo ambalo kwa mtu wa Kigoma ni safari nyingine kabla ya safari yenyewe. Na huko nako mtoto anayekwama angekimbilia Kiingereza. Komoro je? Shikomori na Kiswahili ni jamaa, kwa hiyo mtego ni uleule.

Baada ya kurudi, mawasiliano na wenzao yalihamia WhatsApp, na hapo mambo yakageuka. Kiswahili hufundishwa katika shule za Burundi, na Warundi nao walikuwa wanatafuta wa kufanyia mazoezi. Ujumbe wa sauti ukawa unakuja kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, Kifaransa kikafifia ndani ya wiki chache. Walimu wa pande mbili wamekubaliana sasa: Jumatatu hadi Jumatano Kifaransa, Alhamisi hadi Jumamosi Kiswahili, na atakayekosea siku anatuma upya.