Ungo wa Rick Turner

Matangani tuna neno la kufunga mjadala: kazi ya Mungu haina makosa. Nalikubali. Ila si kila kinachotutoa machozi ni kazi ya Mungu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mwanafalsafa. Kazi yake ni kupepeta. Huku anaweka yaliyomo katika kuzaliwa binadamu, kifo kikiwamo; huku yale yaliyotengenezwa na watu, kisha yakaitwa majaliwa.

Durban, Afrika Kusini, ilikuwa na mpepetaji hodari, Rick Turner. Alizaliwa Cape Town mwaka 1941, akaandika tasnifu ya udaktari juu ya mwanafalsafa Sartre mjini Paris, halafu akafundisha Chuo Kikuu cha Natal. Mwaka 1972 alitoa The Eye of the Needle (Tundu la Sindano, lile la ngamia anayejulikana kwa wasomaji wa Injili na wa Kurani vilevile). Ukiivua hoja yake koti la kisomi, linabaki swali la mtoto: hiki kilikuwapo tangu milima, au kuna aliyekiweka? Wazungu wenzake wengi waliuzoea ubaguzi wa rangi kama mtu anavyozoea joto la Januari. Yeye aliuona kama nyumba. Nyumba ina fundi, na hubomolewa.

Tarehe 9 Januari 1973, mjini humo humo, wafanyakazi wa kiwanda cha matofali cha Coronation waligoma. Baada ya wiki chache maelfu ya wenzao walikuwa wamesimamisha kazi mjini kote. Februari serikali ikampiga Turner marufuku ya miaka 5: asifundishe, asichapishe, asinukuliwe. Alikaa nyumbani, akaendelea kuandika. Nani angemsoma? Ungo haukai kitako kwa kuwa wageni hawajafika.

Husemwa tangu enzi za Sokrate kwamba falsafa ni mazoezi ya kufa. Lakini Sokrate alijua saa yake, akaketi na marafiki wakizungumza mpaka kikombe cha sumu kilipoletwa. Turner hakupewa nafasi hiyo. Usiku wa 8 Januari 1978, miezi 4 hivi baada ya rafiki yake, mpinga ubaguzi Steve Biko, kufa kizuizini, alipigwa risasi kupitia dirisha la nyumba yake, Bellair. Alifia mikononi mwa binti yake wa miaka 13.

Kifo kilikuwa fungu lake, kama kilivyo langu. Risasi ilikuwa na mwenyewe, na hakuna aliyewahi kushtakiwa.