Kurbe moja haitoshi kuita unga wetu grafini

Wandugu, kuna sentensi inarudi sana ku memwari za kemia, hata ku makala za wakubwa: "Spektra ya Raman inaonyesha kwamba tumepata grafini." Inafuata kurbe moja, uwiano wa D na G, na mambo yanaishia hapo. Mimi siikubali, zaidi pale unga wenyewe ni mchanganyiko: grafini, grafiti, mirija ya nano na masizi ndani ya chupa moja.

Raman ni chombo kizuri, hilo sibishi. Unapiga lazeri juu ya unga, na mwanga unaorudi unakuambia namna atomi zinatikisika. Karibu na 1580 cm⁻¹ iko piki G, ya kaboni zilizoshikana kama ndani ya grafiti. Karibu na 1350 iko D, inayotokea pale mpangilio umevunjika. Karibu na 2700 iko 2D, ambayo umbo lake linasaidia kutambua grafini ya tabaka moja.

Lakini angalia: vitu vyote vinne vinatoa G karibu mahali pamoja, kwa hiyo piki zinalaliana. Ukiona D kubwa, ni grafini yenye kasoro, ao ni grafini safi yenye masizi ndani? Uwiano ule peke yake haujibu. Tena Ferrari na Robertson walionyesha tangu 2000 kwamba vipande vikishuka chini ya nanomita 2 hivi, uwiano haupandi tena vurugu ikizidi, unashuka. Namba moja inaweza kutoka kwa hali mbili tofauti.

Mirija ndiyo inadanganya zaidi. Mrija wa ukuta mmoja unasikika kwa nguvu pale nishati ya lazeri inalingana na yake. Lazeri ya nanomita 532 inaamsha mirija fulani, ya 785 inaamsha mingine. Ni kama mwalimu anaita nusu ya majina ya darasa, kisha anaandika kwamba wengine hawakukuja. Mirija kidogo inaweza kufunika spektra nzima, na mingi ikanyamaza.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wenye labo kubwa. Hapana. Mwaka 2018 Kauling na wenzake walichapisha vipimo vya unga wa kampuni 60 uliouzwa kama grafini: mwingi ulikuwa na grafini chini ya asilimia 10. Nao hawakutegemea Raman peke yake. Sisi tunaoagiza gramu chache kwa pesa za kuchanga, tunaweza kulipa bei ya grafini na kupokea grafiti, kisha tukajenga juu yake chujio la maji na diploma.

Basi naomba nini? Pima sehemu nyingi za sampuli, maana doa la lazeri linaweza kuwa mikromita moja tu. Tumia lazeri mbili kama zinapatikana. Ongeza darubini ya elektroni, na kipimo cha uzito unaopungua unga unapochomwa polepole. Na kama uko na kurbe moja tu, andika hivi: "Iko kaboni yenye muundo wa grafiti, kiasi cha kila aina hakijapimwa." Juri itauliza maswali, ni haki yake. Utayajibu bila kutetea neno ambalo hukulipima.