Chipu ya 741 haifai tena kwenye mashine ya vifaranga

Anayezunguka viwanja vya Nanenane hapa Nzuguni mwezi Agosti hakosi kukutana na mashine za kutotolesha vifaranga. Roho ya mashine ni kidhibiti joto, na fundi anayejifunza kwa vitabu vya zamani atakutana na mchoro uleule: chipu ya 741, kisha transista ya 2N3055. Zote mbili bado zinatengenezwa. Hilo ndilo linalopotosha, kwa sababu kipuri kinaweza kupatikana dukani na bado kikawa kimepitwa na kazi unayotaka kukipa.

Dave Fullagar aliisanifu 741 kwa kampuni ya Fairchild, ikatoka mwaka 1968, enzi ambazo chipu za aina hii zilipewa umeme wa pande mbili, volti 15 chanya na 15 hasi. Ipe betri ya sola ya volti 12 peke yake, na tokeo lake halishuki hadi sifuri. Hukwama volti 1 au 2 juu yake. Transista ya 2N3055 huanza kupitisha umeme besi ikifika takriban volti 0.7. Basi kipasha joto hakizimi sawasawa, na yai linalotaka nyuzi 37.5 kwa siku 21 linaungua polepole.

Kuna tatizo la nguvu pia. Kipasha joto cha ampea 4 kinaweza kudai ampea 0.2 kwenye besi ya 2N3055, wakati 741 hutoa kama 0.025 tu. Utaongeza transista ya kuisaidia, kisha bati la alumini la kupoza, maana 2N3055 yenyewe inaweza kupoteza wati 4 kwa joto. Mosfeti ya IRLZ44N, kwa ampea hizohizo, hupoteza takriban wati 0.4, na geti lake halidai umeme wa kudumu. Kwa anayetegemea betri usiku kucha, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Sisemi tukimbilie kila kipya. LM358 ninayoipendekeza badala ya 741 ni ya miaka ya 1970, karibu rika moja nayo. Lakini ilisanifiwa kwa umeme wa upande mmoja, kuanzia volti 3 hadi 32, na tokeo lake hushuka karibu kabisa na sifuri. Umri wake haunisumbui hata kidogo.

Anayekarabati saketi ya zamani asichomeke LM358 moja kwa moja palipokuwa na 741. Miguu ya 2, 3 na 4 inalingana, lakini umeme unahama kutoka mguu wa 7 kwenda wa 8, na tokeo kutoka wa 6 kwenda wa 1. Weka rezista ya kiloomu 10 kati ya geti na hasi, na nyingine ya megaomu 1 kutoka tokeo kurudi mguu wa 3, ili kipasha joto kisiwakewake na kuzima joto linapokaribia kipimo. Nusu ya pili ya LM358 inabaki huru. Itumie kukata umeme kabla betri haijaisha.