Deki, mafuta ya nazi na nyayo za paka

Jirani yangu hapa Msambweni, mama wa makamo, ana paka jike aliyekauka nyayo hadi zikaota nyufa nyembamba. Sasa zimepona, na mtaa mzima unayasifu mafuta ya nazi. Nimeifuatilia kazi ya mama huyu tangu mwanzo, na naona mafuta yamebebeshwa sifa ambayo si yote yao.

Kwanza alizikagua nyayo zote nne. Zilikuwa kavu sawasawa, bila uvimbe wala usaha. Ukavu wa wayo mmoja mara nyingi huwa ni mwiba, au mkwaruzo wa jiwe la tumbawe. Zikikauka zote, chunguza anachokikanyaga kila siku. Huyu alikanyaga saruji iliyopigwa deki kwa dawa ya klorini asubuhi na jioni. Klorini hukausha ngozi, na paka akijilamba huimeza. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli ni mbaya zaidi, kwani ini la paka haliwezi kuivunja fenoli vizuri. Mafuta ya karafuu, tunayoyaamini sana huku Pwani, nayo yana kemikali ya jamii hiyo. Usimpake paka hata tone.

Basi akabadili deki: sabuni kidogo, kisha kusuuza kwa maji matupu, na paka akafungiwa nje mpaka sakafu ikauke. Mimi naamini hapa ndipo ugonjwa ulipokatwa.

Mafuta yakafuata. Alikuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui, akalichemsha kwa moto mdogo hadi mafuta yakajitenga, akayachuja. Mafuta hayatii maji kwenye ngozi. Huyazuia yaliyomo yasipotee. Kwa hiyo alizifuta nyayo kwanza kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akazikausha juu juu, akapaka tone moja kila wayo ungali na unyevu. Yote hayo aliyafanya usiku, kisha akamwekea dagaa. Paka akishughulika na kula, mafuta hupata nafasi ya kupenya kabla ulimi haujafika. Akilamba kidogo hadhuriki, ila yakizidi ataharisha. Wala hakutafuta wayo laini kama wa kitoto cha paka, maana paka anayepanda kuta anahitaji wayo wenye ukwaru kidogo.

Ziko nyayo ambazo hazitibiki nyumbani. Wayo uliovimba ukabonyea kama sponji, magamba yanayozunguka kucha, damu, au kuchechemea: mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama wa kwenu amezoea ng'ombe na mbuzi. Na paka mzee anayekauka nyayo huku akinywa maji mengi na kukojoa kuliko kawaida apimwe figo mapema.