Nundu na Sakafu Yake: Jinsi ya Kupima Dai la Chembe Ngeni

Mchunga ngamia wa Eldas anayemtafuta mnyama aliyepotea hafurahii wingi wa nyayo. Kisimani zimo mamia, zimekanyagana, na mwenye hamu ya kuuona wayo wa ngamia wake atauona hata kama hakupita hapo. Wayo mmoja kwenye mchanga mtupu humfaa kuliko kumi za kisimani. Jicho hilohilo linatosha kupimia kazi za maabara zinazosaka miungano isiyo ya kawaida: kwaki (vijenzi vya protoni na nyutroni) 5 zilizoshikamana, nyutroni 4 bila protoni hata moja, kaoni, chembe isiyodumu, iliyonaswa na protoni 2.

Vitu hivi havidumu hata vionekane. Watafiti hukusanya vipande vilivyobaki baada ya mgongano, hukokotoa tungamo la kilichovizaa, kisha huchora grafu. Penye kitu kipya grafu huinua nundu. Chini yake kuna sakafu, yaani matukio ya kawaida ambayo yangetokea hata kama kitu hicho hakipo. Mgeni wa fani hutazama nundu. Mjuzi huanza na sakafu.

Uliza sakafu ilipimwaje. Mwaka 2003 kundi la LEPS, kwenye maabara ya SPring-8 nchini Japani, lilitangaza pentakwaki, yaani muungano wa kwaki 5, iliyoitwa Theta-plasi, yenye tungamo la MeV 1540 hivi (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo). Penye nundu palihesabiwa matukio 36. Sakafu ilikadiriwa kuwa 17, ikabaki ziada ya 19. Gawanya 19 kwa kipeuo cha pili cha 17, utapata sigma 4.6 (sigma hupima jinsi ziada inavyozidi mtikisiko wa bahati), karibu na 5 ambazo fani hii hudai kabla ya kutamka ugunduzi. Gawanya 19 hizohizo kwa kipeuo cha pili cha 36, utapata 3 na ushei. Data ni zilezile. Tofauti ni jinsi unavyoiamini sakafu. Maabara kadhaa zilidai kuiona pia. Jefferson Lab ya Marekani, iliyokuwa mojawapo, ilirudia kazi kwa data nyingi zaidi, na kufikia 2006 nundu haikuwepo tena.

Fuatilia data zinapoongezeka. Kundi la LHCb la maabara ya CERN lilitangaza pentakwaki mbili mwaka 2015. Mwaka 2019, likiwa na data mara 9 ya zile za awali, nundu moja ilipasuka ikawa mbili, MeV 4440 na 4457, na nyingine ikachomoza MeV 4312. Kitu halisi kikichunguzwa zaidi hutoa undani. Cha bahati hufifia. Lakini soma hadi mwisho: ile nundu pana ya 2015, MeV 4380, uchambuzi huo mpya haukuithibitisha wala kuikanusha, na watafiti walisema hivyo waziwazi.

Badili hali, uone kama nundu inahama. Mwaka 2005 kundi la FINUDA, Frascati, Italia, lilidai kuona kaoni iliyofungwa na protoni 2. Wakosoaji wakaonyesha kwamba kaoni ikimezwa tu na jozi ya protoni, na vipande vikagongana vikitoka ndani ya kiini, umbo kama hilo hupatikana. Jaribio la E15 la J-PARC, Japani, lilirusha kaoni kwenye heliamu-3, na katika matokeo ya 2019 likayapanga matukio kwa kiasi cha msukumo uliohamishwa. Rundo la matukio ya kawaida lilihama msukumo ulipobadilika. Nundu ya muungano ilikaa palepale, MeV 40 hadi 50 chini ya jumla ya matungamo ya kaoni na protoni hizo. Huu ndio ufundi wa daraja la juu.

Usidharau tukio moja safi. Mwaka 2001, kwenye mabamba ya picha ya jaribio la maabara ya KEK, Japani, lilipatikana tukio lililoitwa Nagara. Mistari yake ilipimwa mmoja mmoja, na yalisalia maelezo ya aina moja tu: kiini cha heliamu chenye chembe 2 za lambda, jamaa nzito za nyutroni. Tukio hilo peke yake liliziba njia kwa chembe H ya kwaki 6, aliyoibashiri mwanafizikia Robert Jaffe mwaka 1977, angalau ile iliyofungwa kwa nguvu sana, kwani lambda hizo zingejigeuza kuwa H.

Pima uaminifu wa jina. Maabara ya RIKEN, Japani, mwaka 2022 ilionyesha nundu ya nyutroni 4, zaidi ya sigma 5. Nundu hiyo iko MeV 2.37 juu ya kiwango cha kufungwa, kwa hiyo nyutroni hizo hutengana mara moja. Watafiti waliandika kwamba inafanana na mwangwi wa muda. Anayeiita kiini kipya ameongeza chumvi.

Uangalifu huu una maana hadi angani. Nguvu kati ya nyutroni, kaoni na lambda husaidia kuamua undani wa nyota za nyutroni. Na kwa kuwa wengine huyategemea matokeo haya, hata ripoti ya kukosa kilichotafutwa ina daraja. Mbovu husema “hatukuona.” Nzuri husema kitu kingekuwepo kwa kiasi gani ndipo kingeonekana, na hivyo humpunguzia anayefuata eneo la kutafuta.