Komazawa 2023: ushindi wa timu isiyokuwa na kipande kibovu

Chuo Kikuu cha Komazawa kilishinda mbio za Hakone za Januari 2023 kwa saa 10, dakika 47 na sekunde 11. Chūō, walioshika nafasi ya pili, walibaki nyuma kwa dakika 1 na sekunde 42. Kwa mbio za kilomita 217.1 zinazochukua siku mbili, huo ni ushindi wa wazi. Lakini jedwali la matokeo lina jambo la kushangaza. Katika vipande kumi vya mbio hizo, Komazawa waliongoza kwa muda bora katika kimoja tu. Chūō waliongoza viwili, tena vilivyofuatana, na bado wakashindwa.

Ajabu inazidi ukitazama hali ya afya ya kikosi hicho. Ren Tazawa, mkimbiaji wao mkubwa, alipata Uviko-19 mwezi Desemba. Mebuki Suzuki alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mfupa wa paja mwezi Machi uliotangulia. Kyosuke Hanao aliugua na hakukimbia. Keita Sato, kijana wa mwaka wa kwanza aliyevunja rekodi za vipande vyake katika mbio za Izumo na zile za vyuo vya Japani nzima msimu huohuo, naye aliugua akabaki nje. Timu iliyopungukiwa hivyo ilishindaje? Jibu limo katika namna kocha Hiroaki Oyagi alivyogawa watu wake, na katika namna wapinzani wake wakubwa, Aoyama Gakuin, walivyolazimika kugawa wao.

Kwanza, mbio zenyewe. Hakone ni ekideni, yaani mbio ndefu za barabarani za kupokezana. Badala ya kijiti, wakimbiaji hupokezana mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani. Mbio hizi zilianza 1920, na hukimbiwa kila tarehe 2 na 3 Januari na timu za vyuo vikuu vya ukanda wa Kanto. Siku ya kwanza watu watano hutoka Otemachi, Tokyo, hadi ziwa Ashi huko Hakone, na siku ya pili watano wengine hurudi. Hakuna kipande kilicho chini ya kilomita 20. Cha pili, chenye kilomita 23.1, ndicho cha mabingwa. Cha tano hupanda mlima kutoka Odawara hadi kimo cha mita 874, na cha sita hushuka mlima huohuo. Wakenya wamo humo tangu 1989, Joseph Otwori na Kennedy Isena walipoanza kuivalia jezi Yamanashi Gakuin. Kwa hiyo hesabu tutakayoifanya hapa inawahusu pia vijana wa kwetu wanaosoma na kukimbia Japani.

Hesabu ya ugonjwa katika ekideni si sawa na ile ya marathoni. Mkimbiaji wa marathoni akiugua, hasara ni yake. Anaweza kupunguza kasi, au kujitoa na kusubiri mashindano mengine. Katika ekideni, akishindwa kufikisha mshipi, timu nzima inafutwa. Wenzake waliobaki huruhusiwa kukimbia, lakini muda wao hauingii katika matokeo rasmi. Ndilo lililowapata Yamanashi Gakuin mwaka 2014. Mkenya Enock Omwamba, akiwa katika kipande cha pili, alisimama takriban nusu ya safari kwa ufa wa mfupa wa mguu unaoletwa na mzigo wa mazoezi. Vipande vinane vilivyobaki vikawa vya kutimiza wajibu tu. Kanuni inaruhusu mwanafunzi mmoja tu wa kigeni kukimbia katika kila timu, na kwa kawaida huyo ndiye hupewa kipande kizito. Timu inayotegemea mtu wa namna hiyo imeweka dau lake lote juu ya mguu mmoja.

Mwaka 2008 timu tatu zilikatika njiani. Mwaka 2013, siku ya upepo mkali na baridi, mbili zilikatikia katika kipande kimoja, kile cha kupanda mlima. Kwa hiyo swali la kocha mwenye wagonjwa haliishii kwenye nani ana kasi zaidi. Lazima aulize pia: huyu akianguka, ataanguka kwa kiasi gani, na wapi?

Chukua kwanza suala la Tazawa. Januari 2022 alikimbia kipande cha pili kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 13, muda bora kuliko wote siku hiyo. Mwaka 2023 alipewa kipande hichohicho, akitoka kuugua Desemba, na akatumia saa 1, dakika 6 na sekunde 34. Tofauti ni sekunde 21. Bado alikuwa akienda kwa wastani wa takriban dakika 2 na sekunde 53 kwa kila kilomita, na alimaliza wa tatu katika kipande chake. Alikabidhi mshipi sekunde 3 tu nyuma ya Chūō, huku Aoyama Gakuin wakimfuata kisigino kwa kisigino.

Hapa ndipo tarehe ya ugonjwa inapokuwa na uzito kuliko jina lake. Mtu aliyeugua mwanzoni mwa Desemba ana wiki tatu hadi nne mbele yake. Homa huisha, maji ya mwili hurudi, mapigo ya moyo hushuka, kisha hubaki muda wa kupima mwendo mara chache kabla ya siku yenyewe. Kinachopotea ni ncha ya makali, lakini shina la mazoezi ya miezi mingi linabaki. Mtu anayeugua siku za mwisho za Desemba hana muda huo. Tumbo lililovurugika siku tano kabla ya mbio huacha misuli bila akiba ya nishati, na kilomita za mwisho ndizo hulipa deni. Tazawa alikuwa wa aina ya kwanza, akakimbia. Hanao na Sato walikuwa wa aina ya pili, wakaachwa. Kuwaacha watu wenye majina makubwa kunahitaji ujasiri, lakini uamuzi huo ni rahisi pale kocha anapojua kuwa aliye nyuma yao ameandaliwa.

Suala la Suzuki ni gumu zaidi, kwa sababu alikuwa na historia. Januari 2022 alipewa kipande cha nane, akamaliza wa 18 katika kipande hicho, na Komazawa walioanza mbio wakitarajia ushindi wakaishia nafasi ya tatu. Baadaye ukaja upasuaji. Mwaka 2023 alirejeshwa, si kwenye mlima wala kwenye kipande cha mabingwa, bali katika cha nne, kilomita 20.9 za kutoka Hiratsuka hadi Odawara. Huo uchaguzi una mantiki yake. Barabara ile ina miinuko midogo, lakini haina mteremko mkali wa kugonga mfupa wala mpando wa kumnyonya mtu. Tena, alipokea mshipi timu ikiwa ya pili, karibu sana nyuma ya Chūō, kwa hiyo hakutakiwa kuanza kwa kasi ya kufukuza. Alikimbia bega kwa bega na mpinzani wa Aoyama Gakuin, akamtangulia Odawara kwa sekunde 1. Kipande hicho kilikuwa cha Mkenya Yegon Vincent wa Tokyo Kokusai, aliyeweka rekodi mpya ya saa 1 kamili. Komazawa hawakuhitaji kumshinda Vincent, kwa kuwa timu yake haikuwa kwenye mbio zao. Walihitaji Suzuki asipoteze mahali.

Kisha mlima, na hapo ndipo mbio zilipoamuliwa.

Aoyama Gakuin walikuwa mabingwa watetezi. Mtu wao wa kupanda, aliyekwisha kuukimbia mlima vizuri mwaka uliotangulia, aliugua mashindano yakiwa yamekaribia. Kocha wao alimchukua mkimbiaji aliyeandaliwa kwa kushuka, akampandisha. Nafasi ya kushuka akaijaza kwa mtu mwingine ambaye mlima haukuwa kazi yake. Kwenye karatasi ni mabadiliko ya mtu mmoja, lakini barabarani yalikuwa mapengo mawili. Aliyepanda alimaliza wa tisa katika kipande, na ile sekunde 1 ya Odawara ikawa dakika 2 na sekunde 3 pale ziwani. Kesho yake aliyeshuka alimaliza nafasi ya 20, na timu ikaporomoka. Waliobaki walipambana wakairudisha hadi nafasi ya tatu, jambo linaloonyesha jinsi kikosi kile kilivyokuwa na nguvu. Nguvu ile haikuwa mahali ilipohitajika.

Komazawa walipeleka mlimani vijana wawili wa mwaka wa kwanza. Takuma Yamakawa alipanda, akamaliza wa nne katika kipande, na timu ikafika ziwani ikiwa mbele ya Chūō kwa sekunde 30. Aoi Ito alishuka kwa dakika 58 na sekunde 22, muda bora wa kipande hicho, na pengo kati yao na Chūō likawa sekunde 47. Hicho ndicho kipande kimoja walichoongoza.

Mlima haufundishiki kwa wiki moja. Kupanda kunataka mapaja na mapafu yaliyozoea kilomita nyingi bila kupumzika. Kushuka kunataka mtu anayeweza kukimbia chini ya dakika 3 kwa kilomita huku kila hatua ikimgonga gotini na kwenye paja la mbele, kisha amalizie kilomita za tambarare miguu ikiwa imechoka. Mkimbiaji mwenye kasi ya uwanjani anaweza kuzamishwa na vipande hivi viwili. Ndiyo maana akiba ya mlima lazima iwe ya mlima, na iandaliwe ikiwa bado haihitajiki. Waandaaji wenyewe walikwisha kukiri uzito wa kipande cha tano. Mwaka 2006 kilirefushwa hadi kilomita 23.4, na mwaka 2017 kikapunguzwa hadi 20.8 baada ya miaka ya watu kupoteza joto na nguvu huko juu.

Kanuni nazo zinasaidia anayezijua. Kila timu huandikisha watu 16. Tarehe 29 Desemba hutaja kumi wa vipande na sita wa akiba, na siku ya mbio inaruhusiwa kumwondoa mtu na kumwingiza wa akiba. Tangu 2021 mabadiliko yanayoruhusiwa ni sita kwa jumla, yasiyozidi manne kwa siku. Lakini aliyekwisha kutajwa katika kipande kimoja hawezi kuhamishiwa kingine. Kwa hiyo orodha ya akiba ni mkakati kamili. Akiba sita zilizo sawasawa, zote za tambarare, ni akiba moja iliyorudiwa mara sita.

Kuna jambo jingine ambalo timu yenye wagonjwa haiwezi kulikwepa, nalo ni nani ana mamlaka ya kusimamisha. Katika Hakone kocha hufuata nyuma kwa gari, anamwona mkimbiaji wake na kumsemesha. Katika mbio za mchujo za wanawake wa kampuni zilizofanyika Fukuoka mwaka 2018, makocha hawakuwa barabarani. Rei Iida wa Iwatani alivunjika mguu akatambaa kwa magoti hadi kituo cha kukabidhi. Kocha wake aliyekuwa akitazama televisheni aliomba asimamishwe, lakini ujumbe ulipofika barabarani binti alikuwa amebakiza mita chache. Wapo waliousifu moyo wake. Kiufundi lilikuwa kosa la mawasiliano: uamuzi ulikwisha kufanywa, lakini haukuwa na njia ya kufika.

Mpango mzuri una mipaka yake pia. Desemba 2023 homa iliwapitia Chūō karibu wote. Kocha wao alisema watu 14 kati ya 16 waliugua. Timu iliyokuwa ya pili ikaanguka hadi nafasi ya 13. Hakuna akiba inayotosha ikiwa akiba yenyewe imelala kitandani, na hapo tiba ni ya bwenini: kutenganisha vyumba, meza za chakula na ratiba za mazoezi mapema. Aoyama Gakuin nao walipigwa na mafua makali msimu huohuo, lakini mwanzoni mwa Desemba. Walishinda Januari 2024 kwa rekodi ya saa 10, dakika 41 na sekunde 25, wakiwaacha Komazawa kwa zaidi ya dakika 6.

Kwa hiyo ushindi wa 2023 usisomwe kama hadithi ya mashujaa waliokimbia wakiwa wagonjwa. Wagonjwa wa siku za mwisho hawakukimbia. Waliopona walipewa kazi inayolingana na kilichobaki mwilini, na sehemu mbili hatari zaidi zilikuwa na watu waliofundishwa kwa ajili yake. Matokeo yake hakuna mkimbiaji wa Komazawa aliyemaliza kipande chake chini ya nafasi ya tano. Kocha wa mbio za kupokezana anayetaka kuiga hilo aanze na kipande kigumu kuliko vyote kabla ya kutafuta nyota. Awe na watu wawili wanaokiweza, na amjaribu wa pili katika mashindano, yule wa kwanza akiwa bado mzima.